Paka dume akiziba mkojo na wewe uko Mbeya: mpira, sindano, upasuaji au safari ya Morogoro?

Paka dume aliyeziba njia ya mkojo hana siku nyingi. Njia ikifunga kabisa, taka ambazo figo zilipaswa kuzitoa zinaanza kurundikana kwenye damu ndani ya siku moja hadi mbili, na asiposaidiwa, anaweza kufa ndani ya siku chache. Kinachomuua mara nyingi ni potasiamu, ambayo hupanda mpaka moyo unapunguza mwendo na kusimama. Ndiyo maana ulinganisho huu hauanzi na bei. Kwetu sisi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songea, kitu cha kwanza kulinganisha ni saa: njia ipi kati ya hizi itatoa mkojo leo?

Nina dume anaitwa Shaba, wa rangi ya machungwa, amehasiwa, mnene kidogo, na nampenda kama mtu wa nyumbani. Amepitia njia mbili kati ya hizi ninazozieleza. Ushauri ninaousikia kila mara ni wa mtu aliye Dar es Salaam mwenye kliniki tatu za paka ndani ya mwendo wa bajaji. Huku kwetu daktari wa mifugo anaweza kuwa yuko Mbarali anazalisha ng'ombe saa hiyohiyo unayompigia. Lazima tuchague kwa kutazama hali hiyo.

Kwanza, ameziba kweli?

Wengi humwona paka amechuchumaa anajikamua, wakadhani amefunga choo, wakamtafutia mafuta ya kupikia. Mtazame vizuri. Aliyeziba huingia na kutoka kwenye mchanga wake kila baada ya muda mfupi, hukaa amechuchumaa muda mrefu, hulia, hulamba sehemu za siri mpaka zikawa nyekundu, na kinachotoka ni tone, au damu, au hakuna kitu. Wengine hujaribu mahali wasipopazoea: kwenye beseni, bafuni, juu ya kitanda chako. Baadaye hujificha chini ya kabati, huacha kula, hutapika.

Ondoa mchanga, mtandikie gazeti au kitambaa cheupe, hapo ukweli utauona kwa macho. Kisha gusa tumbo la chini, mbele kidogo ya mapaja ya nyuma, kwa vidole vya mkono mmoja, taratibu. Kibofu kilichoziba kinakuwa kigumu kama ndimu isiyoiva, na paka atakuzomea au kukung'ata ukikifikia. Usikiminye ukidhani unamsaidia. Kibofu kilichojaa kiasi hicho kinaweza kupasuka.

Ukikuta kibofu ni kidogo na laini, na matone yanatoka toka, huenda ni uvimbe wa kibofu bila kuziba. Bado anahitaji daktari, kwa sababu dume mwenye uvimbe huo anaweza kuziba usiku uleule. Majike nao huugua hivyo, ila wao huziba kwa nadra sana maana njia yao ni fupi na pana. Ya dume ni ndefu na inazidi kuwa nyembamba kuelekea nchani. Kizibo cha ute uliochanganyika na chembe za chumvi, kijiwe kidogo, au misuli iliyokaza kwa mfadhaiko na maumivu vinatosha kuifunga.

Kusubiri na dawa za dukani

Hii naitaja kwa sababu ndiyo inayochaguliwa na wengi, na sitaki mtu aichague. Kumnywesha maji mengi hakufungui kizibo. Lasix, ambayo watu huipata kirahisi, inaongeza mkojo nyuma ya mlango uliofungwa. Sindano ya OTC (antibiotiki ya oxytetracycline) kutoka duka la dawa za mifugo haifungui kitu. Kwa paka vijana na wa makamo, bakteria mara nyingi si chanzo cha tatizo hili.

Na Panadol, tafadhali, hapana. Hata nusu kidonge. Paka hawana uwezo wa kuivunja parasetamoli mwilini. Inaharibu damu isibebe hewa, ufizi unageuka wa bluu au wa kahawia, uso unavimba, anakufa kwa shida kuliko ile uliyotaka kumwondolea. Diclofenac na ibuprofen ziweke hukohuko mbali. Muuzaji wa dawa anaweza kukuambia kwa nia njema kabisa kwamba "hata mtoto mchanga anapewa." Mtoto mchanga si paka.

Mpira wa mkojo, hapahapa mjini

Hii ndiyo njia ya kawaida duniani kote na ndiyo ningeichagua kwanza kama yupo daktari aliye tayari. Paka anapewa nusu kaputi, uume unatolewa nje, ncha inasuguliwa taratibu kuona kama kizibo kiko karibu, kisha mpira mwembamba unapitishwa huku maji ya chumvi ya dripu yakisukumwa kurudisha kizibo ndani ya kibofu. Mkojo unatoka, mara nyingi wa rangi ya damu, na kibofu kinasafishwa mpaka maji yarudi meupe.

Ugumu wa huku ni mambo matatu, wala hayalingani uzito.

Dogo kuliko yote ni mpira wenyewe. Unaowafaa paka wengi ni namba 3.5, na si kila siku upo. Daktari mwenye uzoefu huanza kufungua ncha kwa kanula ya dripu iliyotolewa sindano, ile plastiki laini peke yake, kwa kuwa ni nyembamba na haina ncha kali. Nimeona inavyofanyika: haraka haina nafasi pale mezani. Ikilazimishwa inachana njia, na kovu litakalobaki litaziba tena baadaye kwa namna ambayo mpira hauwezi kuitibu. Kwa hiyo daktari akikuambia "imegoma, sisukumi zaidi," mshukuru. Anamlinda paka wako.

La pili ni potasiamu. Paka aliyelegea, masikio ya baridi, mapigo ya moyo ya polepole, asipewe nusu kaputi kabla ya kuwekewa dripu na, inapohitajika, calcium gluconate ya kuulinda moyo. Wapo watu wenye imani kwamba aliyeziba asipewe maji ya dripu kwa sababu "ataziba zaidi." Dripu ni sehemu ya matibabu, mradi mkojo unatolewa sambamba nayo. Uliza swali hili kwa simu kabla hujatoka nyumbani: "Daktari, una dripu na calcium gluconate?" Jibu lake litakusaidia kuchagua kuliko kitu kingine chochote.

La tatu ndilo lililonisumbua moyo zaidi: pa kumlaza. Mpira kwa kawaida huachwa ndani siku moja hadi mbili, umeshonewa, umeunganishwa na mfuko, na paka amevaa kola asiung'oe. Katika siku hizo mbili anaweza kukojoa kwa wingi wa kushangaza kwa kuwa figo zinatapika kila kilichokwama, na maji hayo lazima yarudishwe kwa dripu la sivyo anakauka. Kituo ambacho kazi yake kubwa ni ng'ombe, nguruwe na kuku mara nyingi hakina chumba cha kulaza paka usiku wala mtu wa kumwangalia. Daktari wetu alikubali Shaba arudi nyumbani na mpira, nikafundishwa kupima mkojo kwenye mfuko na kuangalia kama bomba limejikunja. Tulilala naye sakafuni chumbani, mkeka, blanketi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa khanga, kwa sababu baridi ya Julai ya huku inashusha joto la paka mgonjwa haraka. Inawezekana. Ila kama nyumbani kuna watoto wadogo na kazini huruhusiwi kukosa, sema ukweli huo mapema. Daktari anaweza kuamua asiache mpira ndani.

Ubaya wa njia hii ni mmoja mkubwa: si paka wachache wanaoziba tena, hasa siku za mwanzo baada ya mpira kutolewa.

Sindano ya kibofu

Mpira ukishindikana, au hakuna vifaa, daktari anaweza kutoa mkojo kwa sindano nyembamba kupitia ukuta wa tumbo moja kwa moja hadi kwenye kibofu. Watu husikia hivyo wakashtuka. Ni jambo linalofanywa kila siku na madaktari wa wanyama kuchukua sampuli, na kwa paka aliyeziba linampa nafuu papo hapo: tumbo linalegea, anaacha kulia, na mara nyingine mpira unaingia kwa urahisi baada ya presha kushuka.

Je, inaweza kuwa matibabu yenyewe? Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya paka dume 15 ambao wamiliki wao hawakumudu matibabu ya kawaida. Walitolewa mkojo kwa sindano kila ulipojaa, wakapewa dawa ya maumivu na ya kutuliza misuli, wakawekwa mahali penye giza kidogo na ukimya. Paka 11 walikojoa wenyewe, wakatoka. Wanne hawakufanikiwa, watatu mkojo ulivujia tumboni na mmoja alivujia damu.

Mimi naisoma habari hii hivi. Kwa mtu wa Makete au Ludewa ambaye mpira haupo kabisa, sindano pamoja na dawa ni nafasi halisi, bora mara elfu kuliko kumwangalia anakufa. Kwa mtu wa Mbeya mjini au Iringa mjini, ni daraja la kuvukia usiku hadi mpira upatikane. Hao paka walifaa kwa sababu walikuwa na mfadhaiko na ute, siyo mawe, na hali zao hazikuwa mbaya sana. Anayetapika na kulegea, au mwenye jiwe limekwama, sindano peke yake haitamtosha. Na chumba cha kimya nacho ni dawa, si mapambo: mbwa wafungwe, redio izimwe, wageni waahirishwe.

Safari ya Morogoro

Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, ndiyo jina linalotajwa kila mtu akishindwa. Ni haki yake kutajwa, kwa kuwa ndipo wanapofundishwa madaktari wetu wa mifugo. Swali ni lini uende.

Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 600: Igawa, Makambako, Mafinga, Iringa, unashuka Kitonga, Ruaha Mbuyuni, Mikumi. Basi la alfajiri linafika jioni, kama Kitonga hakuna lori lililokwama. Hiyo ni siku nzima kutoka kwenye siku chache alizo nazo, ndani ya boksi, katika joto la bonde baada ya baridi ya Uyole, akiwa na hofu inayozidi kukaza misuli ileile iliyofunga. Dume aliyeziba asipande basi kabla mkojo haujatolewa. Daktari wetu aliniambia kwa maneno ambayo nimeyashika mpaka leo: "Dada, mkojo utoke kwanza hapa. Mambo ya Morogoro tutaongea baada ya hapo."

Kwa aliye Iringa hesabu inabadilika kidogo, ni karibu nusu ya umbali, na kwa gari binafsi lenye dereva mzoefu naweza kumwelewa mtu ambaye paka wake ametolewa mkojo kwa sindano asubuhi, akaondoka naye saa hiyohiyo. Wa Songea na Njombe ningewaambia watafute msaada njiani kabla ya kufikiria kuvuka Makambako.

Ukiamua kwenda, piga simu mapema uhakikishe daktari wa upasuaji yupo siku hiyo. Boksi liwe na matundu na taulo la zamani lenye harufu ya nyumbani, lifunikwe na kitenge. Konda akisema paka akae kwenye buti, kataa, hata ikibidi kununua siti ya pili. Kule chini hakuna hewa ya kutosha na hutajua anaendeleaje.

Upasuaji wa kufungua njia

Hapa ndipo Morogoro, au daktari yeyote mwenye uzoefu wa kazi hiyo, anapokuwa chaguo la kweli. Sehemu nyembamba ya uume inaondolewa na njia inafunguliwa chini ya mkia mahali ilipo pana zaidi. Dume anabaki akichuchumaa na kukojoa kama kawaida. Asiyehasiwa anahasiwa papo hapo.

Wakati wa kuufikiria ni pale anapoziba tena na tena ingawa chakula na maji vimerekebishwa, pale mpira usipopita kabisa, au njia ikiwa imechanika na kuweka kovu. Kuukimbilia mara ya kwanza, wakati mpira umepita vizuri na anakojoa, naona ni mapema. Shaba tulimfikisha huko baada ya kuziba tena, na sijutii.

Ila ujue unanunua nini. Upasuaji huu unapunguza sana hatari ya kuziba. Hautibu uvimbe wa kibofu. Anaweza bado kukojoa damu akifadhaika. Pia njia ikiwa fupi na pana, bakteria wanaingia kwa urahisi zaidi, hivyo mkojo wake utahitaji kupimwa mara kwa mara maisha yake yote. Jiwe lililo ndani ya kibofu nalo halitoki kwa upasuaji huu. Altrasaundi au eksirei ifanywe kabla ya kisu. Na siku za uponyaji, kama wiki mbili, mchanga hauruhusiwi kabisa, unaganda kwenye kidonda. Tulitumia magazeti yaliyochanwa vipande vyembamba, na kola shingoni usiku na mchana, haijalishi amekuangalia kwa huruma kiasi gani.

Kumpumzisha

Chaguo hili lina heshima yake, na nalisema nikiwa nimemshika Shaba mapajani. Kama figo zimeshaharibika sana, kama kibofu kimepasuka na hakuna wa kushona, au kama pesa haipo na hakuna pa kukopa, mwombe daktari ampe dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa. Analala, kisha moyo unasimama, hasikii kitu. Ukilinganisha na kumwacha chini ya kitanda mpaka potasiamu imalize kazi, huo ni upendo.

Utasikia maneno. "Paka tu huyo, si utapata mwingine?" "Hela hiyo si ungenunua mbuzi?" Wanaosema hivyo hawakulala na huyo paka miguuni miaka yote. Huhitaji kujitetea kwao, ukitibu au ukimpumzisha. Ongea na daktari wazi kuhusu kiasi ulichonacho tangu dakika ya kwanza, na uulize bei anayotaja inajumuisha nini: nusu kaputi, dripu, mpira, dawa za maumivu, kurudi kwa uangalizi. Daktari anayejua mfuko wako anaweza kukupangia. Asiyejua atapanga kitu kitakachokatika katikati.

Akishapona: usipa mkavu, usipa wa mchuzi, au chakula cha dukani

Paka wengi wa huku wanakula ugali na dagaa, na huku kwetu usipa wa Kyela ndio dagaa. Mkavu, mara nyingine wenye chumvi, na maji bakulini hayaguswi kwa sababu ni ya baridi kama yametoka mtoni. Paka kwa asili hunywa kidogo. Wazee wake walipata maji kutoka kwenye mnyama waliyemkamata. Mkojo ukiwa mzito na mchache, chembe hujikusanya.

Nikilinganisha, usipa wa kuchemsha uliomwagiwa mchuzi wake, bila chumvi wala kitunguu, unaushinda usipa mkavu kwa mbali, kwa sababu ya maji peke yake. Kitunguu ni sumu kwa paka, na watu huchota mchuzi wa kwenye sufuria ya familia wakisahau hilo. Samaki mkavu na mifupa yake ana madini mengi pia, kwa hiyo changanya siku nyingine na nyama, firigisi, au maini kidogo. Chakula cha kopo ni kizuri kwa sababu hiyohiyo ya maji, mfuko ukiruhusu. Chakula kikavu cha mfuko, hata cha bei, mimi sikichagui kwa dume aliyewahi kuziba, isipokuwa kile maalumu cha njia ya mkojo kilichoandikwa na daktari.

Hicho maalumu nacho kina mipaka. Chembe na mawe ya struvaiti huyeyuka kwa chakula hicho ndani ya wiki kadhaa. Ya kalsiamu oksaleti hayayeyuki kwa chakula chochote. Hutolewa kwa upasuaji. Kwa hiyo kabla ya kuagiza mfuko kutoka Dar, mkojo uangaliwe kwenye darubini, na kijiwe kilichotoka kihifadhiwe kipimwe. Kuanzia Juni hadi Agosti, mimi humwekea Shaba maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, mabakuli mawili mbali na chakula, na anakunywa kuliko nilivyotarajia.

Mchanga wake ubadilishwe kila siku na uwekwe mahali pa utulivu, si karibu na mlango wa jikoni ambako mbwa wa jirani hupita. Paka wawili wapewe mabeseni mawili, na la tatu kama nafasi ipo. Wiki ya kwanza baada ya mpira kutolewa, hesabu madonge ya mchanga ulioloa kila asubuhi kabla hujaenda kazini, na mwachie mtu anayebaki nyumbani namba ya daktari, umwambie kabisa: paka akiingia kwenye mchanga mara mbili bila kuacha kitu, usinisubiri mimi, piga.